Kilo Tisa za Springi

Kijana tunayemzika leo, ambaye nyumbani na chuoni tulimwita Springi, alizaliwa tarehe 14 Machi 2002, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha magodoro. Wazazi walipofariki alilelewa na dada yake mkubwa, fundi cherehani. Dada ndiye aliyetaka haya yasomwe bila kufichwa kitu.

Alianza shule ya msingi mwaka 2009. Akiwa darasa la tano aliifungua cherehani ya dada yake, akaifunga tena, zikabaki skrubu mbili. "Hizi zilikuwa za ziada," akasema, uso mkavu. Cherehani inashona mpaka leo.

Mwaka 2021 aliingia chuo kusomea uhandisi. Kuajiriwa hakuwahi, kazi yake ilikuwa roboti ya kucheza mpira wa kikapu, waliyoiunda yeye na wenzake wanne kwa ajili ya mashindano ya vyuo. Sharti lilikuwa isizidi kilo ishirini na tano. Mizani yao ilikuwa ya kupimia watu, hivyo kila Ijumaa Springi aliibeba roboti, akapanda nayo, wakatoa uzito wake: kilo sitini na tatu, alizopimwa Januari mwaka huu. Walitoboa alumini ili iwe nyepesi, wakabadilisha mota, na kila wiki namba ilishuka, hadi ikafika ishirini na tano. Wakashangilia. Jamani, hakuna aliyefikiria kumpima yeye tena.

Hakuoa. Shangazi zake walipomchokoza, alijibu kwamba mchumba wake ana magurudumu manne na bado anajifunza kurusha mpira.

Mwezi Mei alimletea dada suruali aibane kiunoni. Juni akamletea tena ileile.
"Ulimbwende huu utakumaliza," dada akamwambia, pini mdomoni.
"Nimekonda kwa kazi tu, dada."
Akaibana. Futi ya kupimia ilikuwa shingoni mwake, na hakuuliza neno la pili. Hilo ndilo linalomla mpaka sasa, na hakuna pole inayolifikia.

Jumamosi, tarehe 20 Julai 2024, siku ya mashindano, mwamuzi aliiweka roboti peke yake kwenye mizani: kilo thelathini na nne. Wakatolewa kabla ya kurusha hata mpira mmoja. Wenzake walibisha, wakadai mizani ni mbovu, ndipo nahodha wa timu akamwambia Springi apande. Hamsini na nne. Kilo tisa pungufu ya Januari, tisa zilezile ambazo roboti ilizidi.

Jumatatu daktari alisema ni saratani ya tezi za limfu, nayo imeshasambaa. "Mngemleta miezi mitatu nyuma," akasema. Springi alifariki tarehe 9 Septemba, saa nne asubuhi, akiwa ameshikwa mkono na dada yake.

Ameacha dada mmoja, shangazi wawili na wenzake wanne wa karakana, ambao wamelibeba jeneza leo na wanajua lilivyo jepesi.

Mungu ampumzishe, maana sisi hatukumwambia apumzike.