Historia ya Mzee Karudi, Inayosomwa kwa Mara ya Pili

Ndugu, jamaa, majirani, na askari wenzake mliobaki, poleni sana, na asanteni kwa kuja. Wenye umri mkubwa mtakumbuka kwamba historia ya marehemu huyu ilishawahi kusomwa, hapa hapa, na baba yake mzazi, wakati mwenyewe yuko hai amelazwa mbali, kwa hiyo tunaomba mtuvumilie, maana tunaisoma upya na safari hii ni ndefu zaidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 17 Juni 1940, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa tatu wa mshona viatu na mkunga. Alianza shule ya msingi Januari 1948, akamaliza Desemba 1955, na mwalimu wake alipenda kulalamika kwamba kijana ana akili lakini macho yake yako zaidi dirishani kuliko ubaoni.

Mwaka 1962 alijiunga na jeshi, akafundishwa kutandaza nyaya za simu, na vita vilipozuka akapelekwa mpakani. Asubuhi moja ya mvua, mwezi Agosti 1964, alimwazima mwenzake koti lake la mvua, lenye namba yake mwenyewe marehemu, mwenzake akatoka kwenda kuunga waya uliokatika, hakurudi, na saa chache baadaye marehemu naye akajeruhiwa kichwani, akawa hawezi hata kutaja jina lake. Jeshi lilisoma namba ya koti kwenye maiti ya yule mwenzake, likaleta nyumbani habari kwamba marehemu ameuawa.

Mwili haukuletwa. Baba yake hakutaka kaburi liwe tupu, akatoa sandukuni koti jeusi la mwanawe, la pekee, la kutokea, akalizika, akasoma historia fupi sana, kuzaliwa, shule, jeshi, basi, kwa sababu hapakuwa na mke wala mtoto wa kutaja. Siku ile binti wa majirani waliokuwa wakifua mashuka ya nyumba za wageni, alilia mpaka akashikiliwa na wanawake wawili, watu wakatazamana, maana hakuna aliyejua kwamba kuna jambo kati ya hao vijana, na kusema kweli hata marehemu mwenyewe hakuwa na habari.

Binti huyo ndiye Mama yetu, aliyeketi hapa mbele. Anasimulia kwamba miezi iliyofuata alikuwa akimwona marehemu kila mara, mchana kweupe, amekaa kizingitini anatengeneza kitu asichokiona vizuri, hasemi neno, naye akazoea, akawa anafua na kuanika akimwacha akae. Kwa hiyo tarehe 2 Februari 1965, mchana, jua likiwa jepesi na ua mzima umejaa mashuka meupe, aliposikia hodi hakugeuka hata, alisema tu, "Pita, mbona leo unaongea?" akaendelea kubana vibanio, mpaka kivuli cha mtu kilipoangukia shuka alilokuwa akianika, akakumbuka kwamba yule wa siku zote hakuwa na kivuli, beseni likamponyoka.

Kumbe alipopata nafuu hospitalini alikumbuka jina lake, akaruhusiwa kurudi; mtaa mzima ulifurika, na ndiyo siku marehemu alipopewa jina la Karudi. Shangazi yake, ambaye hakuwahi kuweka siri hata ya kwake, alimnong'oneza ni nani aliyelia kuliko mama mzazi. Marehemu akaenda kumuuliza, Mama akajibu kwamba ni moshi ulimwingia machoni, naye akasema basi atamsubiri mpaka moshi umtoke. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 11 Juni 1966, bwana harusi akiwa amevaa koti la kuazima kwa fundi cherehani, mikono mifupi, kwa sababu bibi yetu, mama yake, alikataa katakata lile lililozikwa lifukuliwe.

Walijaliwa watoto wanne na wajukuu kumi na mmoja. Kuanzia 1967 hadi alipostaafu mwaka 1995 alikuwa fundi wa nyaya za simu, akipanda nguzo, na sisi tulipokuwa wadogo tuliamini kwamba maneno yote ya mji yanapita mikononi mwake. Alikuwa mpole, mtani, mtu wa kusinzia na tabasamu usoni, lakini kwa jambo moja hakutaniwa, hakupenda kuitwa mfufuka. Alisema aliyekufa alikufa kweli, isipokuwa alizikwa kwa jina la mtu mwingine, na lile kaburi la koti alilipalilia maisha yake yote kama la ndugu yake. Leo atalala kando yake.

Mwezi Novemba 2022 alianza kusumbuliwa na moyo, akatibiwa kwa vipindi, na alfajiri ya Jumanne tarehe 9 Aprili 2024 alifariki hospitalini, wakati Mama amerudi nyumbani kuoga. Tulipompigia simu alituambia, "Habari za huyu mtu za kuletewa mimi siamini," akaenda mwenyewe, akamshika mikono, akakaa naye. Hakulia. Jana tumemkuta uani anaanika mashuka, kila baada ya shuka moja anageuka kutazama kizingitini, na sisi wanawe tumeogopa, hatukujua kama ameamini au anasubiri tena.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani mliokesha nasi, mafundi wa simu mliobeba jeneza, na askari wenzake mliokuja na mikongojo.

Limebaki neno la mwisho. Marehemu alikuwa akitutania kwamba safari ile mlimwambia apumzike kabla hajaanza hata kuchoka. Kwa hiyo asubuhi hii Mama ametuomba tusilitamke mpaka yeye aridhie, na tumemwahidi. Mama, tumefika.

Mama anavua miwani. Mama analia. Ametikisa kichwa kukubali.

Baba, sasa umechoka kweli. Pumzika kwa amani.