Karatoni Ndani ya Viatu

Watu wa Mungu, nawasalimu katika jina la Yesu. Mimi ni Nyambura, yule mfupi wa hapa Tetu. Mlio nyuma, kama hamnioni, nisikieni tu.

Ndugu zangu, ni hapa ndani mliniombea nirefuke. Nilipenda basketboli kuliko chakula, na kila Jumapili Mama alinileta mbele niwekewe mikono. Tukifika nyumbani ananisimamisha kwenye mlango wa jikoni, anaweka alama kwa makaa. Alama ilikaa pale pale, futi tano na inchi moja. Nikaamini kuna dhambi niliyofanya, ila sikujua ni gani.

Nikaingia chuo Nyeri mjini. Kochi wa timu ya basketboli alisema atapima kila mtu urefu. Nilikata karatoni jikoni kwa Mama, nikanunua viatu vikubwa, nikapanga ndani vipande vitatu kila mguu. Nikachukuliwa. Sasa ningevitoa vipi? Nilicheza navyo muhula mzima, na kila mazoezi niliogopa.

Tukicheza Nanyuki niliruka, karatoni ikateleza, kifundo kikageuka. Hospitalini ni Mama aliyenivua kiatu. Akatoa kipande, akakigeuza.

"Nyambura, si hii ni karatoni yangu?"

Nilimwambia yote nikilia. Alikiweka kile kipande kando, akasema, "Ni mimi nilikufundisha ati Mungu alikosea kukuumba. Tuombe msamaha sisi wawili."

Tukaomba pale kitandani. Ndugu zangu, hapo ndipo nilifunguliwa. Sikuongezeka hata kidogo, lakini hofu ilinitoka.

Ilibaki kochi. Nilijua nikisema nitapoteza nafasi yangu. Nilimwendea na magongo, nikamwambia anipime tena bila viatu.

"Nilijua," akasema. "Ulikuwa unatembea kama bata. Nilikuchukua kwa sababu unaona mwenzako ako wazi kabla yeye mwenyewe ajue. Lakini umenidanganya. Utakaa benchi mpaka nikuamini."

Nilikaa mwaka mzima, nikibeba maji ya wenzangu. Iliniuma, sitadanganya tena. Siku aliyonirudisha uwanjani, mguu ulikuwa chini kabisa bila karatoni, na mpira niliudunda chini pia. Warefu wana shida moja, kuinama kwao ni kazi. Niliwapita chini ya mikono, nikagawa mpira, tukashinda.

Leo niko na timu Nairobi inayonilipa kucheza, huu ni mwaka wa pili. Fomu ya kuajiriwa iliuliza urefu. Nikaandika futi tano na inchi moja, nikatia sahihi.

Kina mama mlioniwekea mikono, asanteni. Mungu aliwasikia, akasema hapana, na hiyo hapana ndiyo inanilisha. Kama uko hapa na umesimama juu ya karatoni yako, mwamini Yesu, vua viatu. Sakafu itakubeba.

Na Mama, tafadhali simama watu wakuone.

Amesimama, ndugu zangu. Ni vile tu hamumwoni.