Dada Aliyetoa Damu ya Ukoo

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kutusitiri, mimi ninayewasomea wasifu huu ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa mama yetu, na ndiye yule mgonjwa ambaye wengi wenu mlisikia habari zake kabla ya kuniona.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya treni, akiwa mtoto wa kwanza wa baba mchomeleaji na mama aliyekuwa akizungumza na watu tusiowaona, na kwa kuwa mama akizidiwa hakuingia jikoni, dada alijua kuwasha jiko kabla ya kujua kusoma.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968, akamaliza sekondari mwaka 1979, akahitimu chuo cha uuguzi mwaka 1983, kisha akaajiriwa katika wodi ya wagonjwa wa akili ya hospitali ya mkoa, alikofanya kazi hadi kustaafu mwaka 2021, na wenzake wakamwita Taratibu, kwa sababu hata kengele ya dharura ikilia hakukimbia, akisema mgonjwa akimwona muuguzi anatimua mbio, naye atatafuta pa kukimbilia.

Tarehe 6 Agosti 1988 alifunga ndoa na fundi umeme, shemeji yetu aliyemtangulia, wakajaliwa mtoto wa kiume na wa kike, ambao wako hapa mbele yenu.

Mwaka 2009, daktari mtafiti aliyewahi kukaa naye dawati moja sekondari alifika nyumbani kwake, akanywa chai, akamweleza kwamba ndani ya ubongo kuna kemikali iitwayo dopamini inayopeleka habari kati ya seli, na kwamba seli huisikia kupitia vipokezi, ambavyo ni kama masikio yake, naye alitaka kujua kama jeni zinazotengeneza masikio hayo ndizo zilizomsumbua mama na sasa zinanisumbua mimi. Akamwahidi, “Dada, majina yenu na sura zenu havitavuka mlango wangu.” Dada akamwamini, akatuzungukia nyumba kwa nyumba, akawabembeleza hata baba wadogo wanaoogopa sindano kuliko simba, tukatoa damu, na ili daktari aelewe nani ni nani, akampa picha ya harusi yake yenye ukoo mzima.

Tarehe 20 Aprili 2012 tulialikwa kwenye mhadhara wa wazi chuoni, tukavaa nguo zetu nzuri, tukakaa mstari wa mbele, na picha ile ikatokea ukutani, kubwa kama nyumba, mama yetu kazungushiwa duara jekundu, mimi nimezungushiwa duara, na daktari akatangaza kwamba huu ndio ukoo uliobeba ugonjwa. Wazazi wa mchumba wa binti wa dada walikuwamo ukumbini, na kabla ya wiki kwisha posa ikarudishwa.

Dada alimfuata daktari kwenye korido, nami nikiwa ubavuni, akamwuliza, “Mbona umetutangaza sote ukoo wa ugonjwa, na mimi sijaugua hata siku moja?”

Daktari akajibu kwa sauti ya chini, “Wewe unayo jeni ileile ya mdogo wako. Kwako haikufanya kazi kwa kiwango kilekile, na kwa nini, bado hatujui.”

“Hilo mbona hukulisema pale juu?”

“Muda ulikuwa mfupi, dada. Lakini umeisaidia sana sayansi.”

“Nimekusaidia wewe,” dada akasema, akageuka, akatembea taratibu mpaka nje.

Ndugu zangu, mtafiti alikuwa mtu wa mbali, lakini sisi wa damu tulifanya zaidi, maana walikuwapo waliosema dada ametuuza, na wapo hapa leo, wamevaa nyeusi, ambao tangu siku ile hawakukanyaga kwake, hata alipofiwa na mumewe wakatuma salamu kwa simu. Yeye aliendelea kuwaambia jamaa za wagonjwa wodini kwamba kurithi mbegu si kuvuna, kwamba mbegu moja huota shamba hili na kulala shamba lile, na kila mwezi alinikumbusha dawa zangu bila kunionea huruma ya kunidhalilisha.

Februari 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya ini, akalazwa mara kadhaa, na tarehe 9 Juni 2023 akafariki dunia akiwa mikononi mwa binti yake. Kikao cha familia kilipendekeza asome mwingine, mtu asiye na matatizo, lakini binti akawaambia maneno ya mama yake, “Asome mdogo wangu, ndiye hakuniacha.”

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kufua, na wenzake wa wodini waliombeba leo mabegani. Shada la maua la daktari mtafiti limefika, tumelipokea, lakini maneno yaliyoandikwa juu yake hayatasomwa.

Dada, pumzika, na amani tuliyokunyima sisi ndugu zako, huko upewe.