Mama Delphine na Somo la Thelathini na Moja

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wote mliofika kwenye kilio hiki, historia tunayowasomea ilisimuliwa kwanza na Myriam, binti wa marehemu, siku ya Jumapili tarehe 9 Novemba 2025, kando ya kitanda cha mama yake hospitalini, mbele ya kaka yake Adalbert na wazee wawili wa ukoo, na marehemu mwenyewe, ingawa ulimi wake ulikuwa mzito, alisahihisha tarehe mbili, kwa hiyo yaliyoandikwa hapa aliyasikia na kuyakubali.

Delphine Monga alizaliwa Kabalo tarehe 14 Mei 1951, mtoto wa nne wa Laurent Monga, mfanyakazi wa reli, na wa mama Kapya, aliyejulikana pande zile kwa kuimba numbi, yaani nyimbo za kumlilia marehemu kwa kutaja ukoo wake, kijiji alikotoka na mto ambao mababu zake walivuka. Kutoka kwa mama huyo alipokea sheria moja ambayo hakuiacha maisha yake yote, kwamba anayekosea mto amemwacha marehemu njiani.

Baba yake alihamishiwa Lubumbashi mwezi wa Septemba 1958, nao wakamfuata kwa treni. Alisoma shule ya msingi kwa masista, akamaliza masomo ya ualimu tarehe 2 Julai 1969, na kuanzia Septemba mwaka huo alifundisha katika commune ya Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, kwa miaka arobaini na mitatu, akijulikana kwa ukali wake juu ya majina na tarehe.

Tarehe 17 Agosti 1974 alifunga ndoa na David Kasonde, fundi wa karakana ya reli, mtu wa mizaha, aliyezoea kuwaambia wageni, "Train ya kwetu inachelewaka siku tatu, lakini bibi yangu anajua ilichelewa na dakika ngapi." Mungu aliwapa watoto watatu, Adalbert mwaka 1975, Myriam mwaka 1979, na Abigaëlle, aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1984 na kufariki siku nane baadaye. Bwana David alifariki tarehe 6 Oktoba 1997, reli ikiwa imekwisha kufa kabla yake.

Mwaka 1993, watu walipofukuzwa majumbani kwa sababu ya asili yao na kukaa stesheni wakingoja mabehewa, Delphine aliwapelekea uji kila asubuhi, na huko aliona wazee wakizikwa kando ya reli bila mtu wa kuwatajia mito yao. Mwaka huohuo alinunua madaftari, akaanza kuandika numbi za kila familia iliyokubali, kwa kalamu ya bluu, na mahali alipokuwa na shaka aliacha mstari mtupu.

Mwezi wa Januari 2017, Myriam, ambaye naye ni mwalimu, alimshauri mama yake aweke ujuzi huo kwenye intaneti, ili watoto wa mjini na wale waliozaliwa ng'ambo wajifunze. Somo la kwanza lilikuwa la kusuka mkeka, likafuatwa na la vyungu, la hadithi, la ngoma, Myriam akishika telefone na mama yake akirudia kila jambo mpaka liwe sawa, na walimu wengi wa hapa Lubumbashi, hata wa Ndola, wakayatumia darasani. Masomo thelathini ya kwanza hayakumdhuru mtu.

Hapa Naviundu jirani yake wa ukuta mmoja alikuwa Bwana Chola, fundi wa kuchomea vyuma, pamoja na mke wake Dorcelle na watoto wao wawili. Wote tulimjua kama mtu wa upande wa Mokambo, kule mpakani, lakini Chola ni jina la ukoo wa Dorcelle, ambalo mumewe alilichukua mwaka 1993 ili asipandishwe kwenye mabehewa, kwa maana wazee wake walitoka ng'ambo ya mto Lubilash, kule walikotoka wale waliofukuzwa. Siri hiyo aliijua mama mzazi wa Bwana Chola, mzee Émerance, ambaye alipokuwa akifa, mwezi wa Agosti 2019, alimwomba Delphine amlilie kwa mto wake wa kweli, na amfundishe mtu mwingine wimbo huo usipotee.

Delphine aliuimba mazikoni kwa Kiluba cha zamani, ambacho wachache walikielewa, na hakuna aliyegeuka kutazama. Lakini mwezi wa Oktoba aliufanya kuwa somo la thelathini na moja, na kwa kuwa somo lisiloeleweka kwake halikuwa somo, alieleza kila mstari kwa Kiswahili, akitaja kijiji, mto, jina la zamani la familia na jina jipya.

Bwana Chola alikuja kwake wiki hiyohiyo, hakukaa, akaomba akiwa amesimama somo liondolewe, "Mama, tosha ile lesoni. Weye unaimba, miye ndjo nitalipa." Delphine akamjibu, "Papa, mama yako aliniomba. Mufu haabadilishiwe muto." Chola akarudi mara ya pili, na mara ya tatu akamtuma Dorcelle, jibu likawa lilelile, kisha wakaacha kuomba, na kwa miaka mitano na zaidi watu hao waliamkiana kila asubuhi juu ya ukuta kama kawaida.

Mwaka 2025, vita ya mashariki ilipofunga barabara na bidhaa zikakosekana, maneno ya mwaka 1993 yalirudi mitaani, kwanza kama mzaha sokoni, halafu kama swali, nani mwenyeji na nani mtu wa kuja. Mwezi wa Mei alama za chaki zilionekana kwenye milango fulani, zikafutwa, zikarudi. Myriam aliuliza kama si afadhali somo lile liondolewe, mama yake akasema atafikiri, na alikuwa bado akifikiri siku ya Jumamosi tarehe 14 Juni, saa nne asubuhi, aliposikia sauti yake mwenyewe ikiimba nje ya ukuta.

Walikuwa watu watatu mbele ya mlango wa Chola, mmoja ameinua telefone iliyokuwa ikitoa somo lile, na nyuma yao kundi lenye vyuma na madumu ya petroli. Walisema, "Papa Chola, toka, tunakuya kukuimbia!" Delphine alitoka bila viatu, akasimama kati yao na mlango, na yeye ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akidanganya akasema kwa sauti kwamba somo lile lina kosa, mto si ule, alichanganya familia mbili katika daftari. Mwenye telefone, ambaye alisoma kwake darasa la nne, alicheka kwa heshima. "Mwalimu, ni weye ulitufundisha. Mama Delphine hasemake bongo," yaani hasemi uongo. Wakamshika mikono, wakamweka kando polepole, kama mtu anavyohamisha kiti cha mgeni.

Bwana Chola akafungua mlango na kutoka mwenyewe, akawaambia, "Niko hapa, muache kelele," na wakati wanamzunguka, Dorcelle na watoto waliruka ukuta wa nyuma hadi kwa Bwana Kambale, mfanyabiashara wa Butembo, aliyewaficha chini ya maturubai katika lori lake na kuwafikisha Mokambo kabla ya jioni. Nyumba iliungua mpaka saa nane. Chola alipelekwa upande wa mto Naviundu, na tangu hapo hakuna aliyemwona.

Jioni hiyo Myriam aliondoa masomo yote ya numbi, akaacha ya mikeka, vyungu, hadithi na ngoma, lakini somo la thelathini na moja lilikuwa limekwisha kunakiliwa, na hata mwezi uliopita lilisikika kwenye kibanda kimoja cha telefone. Kuanzia Julai marehemu alipatwa na ugonjwa wa presha, akapooza upande wa kulia, akalazwa tarehe 30 Oktoba, na akafariki siku ya Alhamisi tarehe 20 Novemba 2025, saa kumi na moja alfajiri. Aliagiza asiimbiwe numbi, na mtu yeyote asirekodi kilio chake, nasi tunaomba telefone zibaki mifukoni.

Jamaa inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, walimu wenzake waliobeba jeneza, majirani waliopika na kulala nje pamoja nasi, na Bwana Kambale kwa lori lililoleta viti. Mama Delphine, ardhi ikupokee polepole, na ashikaye hesabu ya makosa yetu awe mpole kuliko ulivyokuwa wewe kwetu.

Kati ya waliotajwa hapa, Adalbert na Myriam wako hai na wako mbele yenu. Kambale yuko hai. Dorcelle na watoto wake wako hai, ng'ambo ya mpaka, kwa jina ambalo hatutalisoma. Wale watu watatu wako hai wote, wanaishi mtaa huu, na kama wamekuja leo, chakula kipo kwa kila mtu. Kuhusu Bwana Chola, hatukumwandika kati ya walio hai, wala hatukumwandika kati ya wafu, mstari wake tumeuacha mtupu.