Baridi ya Meneja

Hatujafika mbali na stendi ya Tukuyu, kijana wa kiti cha mbele yangu, Twalib, alikwishatueleza kwamba kamaliza shahada ya menejimenti na Jumatatu anaanza umeneja kwenye ghala la parachichi kule Kinyala. Hakuna aliyemuuliza.

"Ila chuoni walitupotezea muda," alimwambia mama aliyekaa naye. "Historia, fasihi, mila za watu. Meneja anazipeleka wapi?"

Mama huyo, Atuganile, aliwahi kufanya kazi ghalani hapo. "Aliyekutangulia naye hakuzitaka," alisema taratibu. "Alikataza watu kwenda msiba wa jirani. Ruhusa ni kwa ndugu wa damu tu. Huku kwetu jirani akifiwa, hakuna anayeshika kazi. Watu hawakumgombeza, mwanangu. Walinung'unika, kisha wakanyamaza. Sisi Wanyakyusa tunajua pumzi ya watu walionuna inaleta baridi. Akaanza kuvaa makoti mawili, anaota moto mchana. Aliondoka anatetemeka."

"Malaria hiyo, mama."

"Alipimwa. Hawakuona kitu."

"Basi mawazo tu. Mimi utaratibu wake siubadilishi. Ndugu wa damu tu."

Nyuma yetu mtu aliguna, kisha gari zima likanyamaza, na mimi nikiwemo, sijui kwa nini. Vioo vikaanza kufunga ukungu kwa pumzi zetu.

Gari liliposimama Kinyala, Twalib alishuka akijikunyata, akapandisha zipu ya jaketi mpaka kidevuni. Nje jua la saa saba lilikuwa linawaka.