Wameuliza Ukoma Tu

Mwaka 1954, ndani ya lori la kwenda Ruponda nililopanda, mama mmoja alijivuta mbali na mzee mwenye vinundu mwili mzima.

"Usiogope, mama," mzee akasema, akimwonyesha cheti cha hospitali. "Daktari kasema si ukoma. Haviambukizi, mtu hurithi kwa mzazi."

Mama akarudi mahali pake. "Alhamdulillahi. Cheti cha nini sasa?"

"Nampelekea mwanangu posa. Wakwe walitaka nipimwe ukoma kwanza."

"Na hilo la kurithi utawaambia?"

"Wameuliza ukoma tu."

"Mwanao anavyo?"

"Viwili tu, mgongoni."

Shule ya usiku tulifundishwa kujibu swali lililoulizwa. Mzee huyu angepata alama zote.

"Mzee, binti wa watu huyo!" mama akafoka.

Lori likasimama. Mzee akafunga vifungo vya shati mpaka shingoni, jua kali vile, akateremka.