Daraja Lililonenepa Kijiweni

Habari hii aliisimulia kwanza mjomba wangu, fundi sonara, wiki ile mama yangu alipostaafu kazi ya ujenzi wa madaraja. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasahihisha mambo mawili tu. Wakati wa kisa hiki alikuwa mwanafunzi wa ufundi, mwaka wa pili, na daraja lake la njiti, refu kama mkono, lilipaswa kupimwa chuoni saa nne asubuhi. Likizidi gramu sitini, linatolewa mashindanoni bila hata kuwekewa mzigo. Jana yake lilikuwa hamsini na tisa. Saa mbili akalipitisha dukani kwa kaka yake, huyo mjomba, penye mizani ya dhahabu, apate uhakika. Mbele ya duka hilo palikuwa na benchi la kahawa. Buni, muuza kahawa, alilipa daraja nafasi ya heshima: kando ya jiko, karibu na mdomo wa birika. Mjomba akaja kulichukua, akalipima.

— Sitini na moja.

— Kaka, mizani yako ina wazimu.

— Mizani hii imevunja uchumba wa watu. Haijawahi kukosea.

Wembe, kinyozi wa jirani, akasogea.

— Gundi hiyo, dada. Ona ilivyoota ndevu kwenye viungo! Kikulacho ki kidevuni mwako.

Akalinyoa daraja kiungo kwa kiungo, mama akiwa amebana pumzi. Likarudishwa kando ya jiko, mjomba akapangusa mizani, akapima tena.

— Sitini na mbili.

— Nimenyoa, limeongezeka? Basi zile ndevu ndizo zilizokuwa zinalikondesha!

Profesa, aliyefukuzwa shule ya msingi kwa kumsahihisha mwalimu, aliomba kikombe cha tatu.

— Nyinyi hamjui tabia ya madaraja. Hili halitembei wala halipitwi. Limekaa tu. Buni, shemeji yako alipoacha kazi hakunenepa?

— Alinenepa mpaka mlango ukatanuliwa, Buni alisema, akiongeza maji kwenye birika. Lakini mimi naona ni kivuli. Kivuli cha asubuhi ni kirefu, lazima kiwe kizito. Lipimwe saa sita, kivuli kikiwa kimeingia ndani.

— Kikiingia ndani si ndiyo kimeongeza uzito? Profesa akauliza.

Buni akammiminia kahawa.

— Linapimwa saa nne! mama akapaza sauti. Wiki tatu nakata njiti hizi, mnaniletea habari za vivuli?

— Basi toa katikati, Wembe akamshauri. Watu wana haja ya mwanzo na mwisho. Katikati ni mapito tu. Mkataa pema pabaya panamwita.

— Sitini na tatu, mjomba akatangaza, akalirudisha mahali pake.

Hapo mama akalia. Mwenyewe anasema hakulia, ulikuwa moshi wa jiko.

Ndipo akafika mwanamke aliyekuja kuchukua hereni zake kwa mjomba. Aliwatazama mmoja mmoja, kisha akalitazama daraja.

— Samahani, hilo daraja mnalifukiza, lina mafua?

Wote wakageuka. Mvuke ulikuwa unatoka mdomoni mwa birika, unapita katikati ya njiti, na chini ya kila kiungo lilining'inia tone. Profesa akafungua kinywa, akakijaza kahawa. Buni akaliepua birika.

— Kahawa imekwisha, akasema, ingawa haikuwa imekwisha.

Mama alichutama mbele ya makaa matupu, akiligeuza daraja taratibu kama mtu anayebembeleza mtoto. Saa nne kasorobo mizani ilisoma hamsini na tisa na nusu. Mama anasema na robo. Chuo kilikuwa ng'ambo ya barabara. Alivuka bila kuaga.

Daraja lilibeba kilo ishirini na sita kabla ya kuvunjika, likawa la tatu. Profesa alishikilia mpaka anakufa kwamba lilikonda kwa aibu, baada ya kusikia linasemwa. Wembe naye alitangulia, na Buni akafuata mwaka juzi. Mjomba yu hai, ingawa mizani sasa anasomewa. Mama yu hai. Mwanamke wa hereni hatujui. Siku ile hakuna aliyemjibu, wala aliyemuuliza jina.